Walioungua Niliokataa Kuwaacha

Siku ya kuniaga walinipa kanga doti moja, saa ya ukutani na nafasi fupi ya kuzungumza. Kanga ninaivaa. Saa ipo ukutani, inakimbia mbele kila siku kama ina safari yake. Nafasi ya kuzungumza haikutosha, kwa sababu mshereheshaji alikuwa anaangalia wali unavyopoa, na nilipofika kwenye habari ya dawa ya meno alininyang'anya kipaza sauti akasema, "Tumpigie mama yetu makofi!" Wakapiga. Nikakaa chini na hasira zangu.

Basi yale niliyokatizwa nayaandika hapa, kwa wauguzi na matabibu vijana wa Tarime na Serengeti mliobaki na vile vyumba vya kufungia vidonda. Mimi naitwa Wegesa. Nimezaliwa Nyarero, nimefanya uuguzi upande wa Ikoma, nikarudi kwetu Nyarero, nikamalizia Kenyamonta. Vyeo sitavitaja. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza cheo changu akiwa anaungua. Nataka kuzungumza juu ya moto, na juu ya watu walioniambia niache, nami nikakataa.

Siku ya kwanza kazini nilishuka kwenye lori upande wa Ikoma nikiwa na sanduku la bati na viatu vyeupe ambavyo vumbi lilikuwa limeshavimaliza njiani. Tabibu wa zahanati ile aliitwa Hamisi. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa Mugumu, mtu mwembamba asiyepandisha sauti.

"Shikamoo daktari," nikamwambia.

"Marahaba. Mimi si daktari, ni tabibu. Weka sanduku hapo, nawa mikono."

Sijamaliza kunawa, mama mmoja akaingia mbio na mtoto begani. Mtoto alikuwa amevuta sufuria ya uji wa moto, ukammwagikia mkono na kifua. Lakini ngozi hukuiona. Chini kulikuwa na mavi ya ng'ombe, juu yake dawa ya meno, na juu ya dawa ya meno manyoya ya sungura. Kila jirani alikuwa amechangia alichokuwa nacho.

Nilikimbilia kabati la dawa. Hamisi akaniita nirudi. "Dawa ya kwanza iko kwenye pipa pale nje. Chota."

Mama akapiga kelele, "Maji hapana! Maji yanaleta malengelenge!"

"Malengelenge yameletwa na uji, mama," Hamisi akamjibu kwa upole. "Uji umemwagika, lakini moto wake bado uko ndani ya nyama. Tunautoa."

Akaniambia nimwage maji safi polepole juu ya kidonda, yawe yanatiririka, kwa dakika ishirini, na sehemu nyingine ya mwili tuifunike mtoto asipate baridi. Saa yangu ya mkono ilikuwa imekufa njiani. Hamisi akafikiri kidogo.

"Unajua nyimbo za kanisani kwenu?"

"Najua."

"Chagua mrefu. Imba wote, ukiisha urudie, mpaka nikuambie basi."

Ndivyo nilivyoanza kazi. Mimi Msabato naimba, yeye Mwislamu ananishikia mtoto, mama analia, na maji yanapeleka mavi ya ng'ombe sakafuni mpaka kwenye viatu vyangu. Kabla wimbo haujaisha mara ya pili mtoto alikuwa amenyamaza, ameegemea kifua cha Hamisi, anatafuta usingizi. Sijawahi kuona dawa ya dukani inayotuliza mtoto kwa haraka vile. Hata leo nikisikia mtu anasema maji ni kitu cha kienyeji, nakosa adabu.

Hamisi alinifundisha mambo ambayo bado nayaona kwenye vidole vyangu. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole, ni sehemu moja katika mia ya mwili wake. Pima kidonda kwa kiganja hicho, si kwa kiganja chako, maana mtoto akipimwa kwa mkono wa mtu mzima anaonekana ameungua kidogo, na anayeonekana ameungua kidogo huongezewa maji kidogo, halafu anakufa kwa kiu akiwa juu ya kitanda cha hospitali. Vidole vifunge kimoja kimoja, usivifunge pamoja kama mkungu, vitashikana. Shingo iliyoungua usiiwekee mto, itaponea imekunjwa, hata mama mkwe wako akisimama pale na mto mkononi. Pete na bangili vua mapema kabla mkono haujavimba. Lengelenge ambalo halijapasuka liache.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na sitaki kuwadanganya kwamba uchache huo ulikuwa na utamu wowote. Shuka kuukuu tulizichemsha, tukazianika ndani nzi wasizifikie, tukazipiga pasi ya mkaa mpaka zikanukia. Chachi ya mafuta ilipoisha, tulikata majani machanga ya mgomba, tukayachemsha na kuyalaza juu ya kidonda. Jani la mgomba halishiki kwenye nyama, likitolewa halimtoi mtu roho. Mkaguzi mmoja alipita akaliona akauliza kama sasa tunahudumia wagonjwa au tunapika ndizi. Nikamwambia, "Tuletee chachi, mheshimiwa, na majani tutayarudisha kwenye ndizi." Hamisi alikohoa akatoka nje. Baadaye nilimkuta nyuma ya zahanati anacheka mpaka machozi.

Nilipohamia Nyarero nilidhani nimerudi nyumbani kwenye kazi nyepesi. Huko nilikutana na petroli. Mnajua wenyewe mambo ya mpakani. Petroli ya magendo inakaa kwenye madumu ya plastiki, madumu yanakaa chini ya kitanda, na juu ya meza kunawaka kibatari.

Asubuhi moja aliletwa kijana aitwaye Chacha, aliyezoea kwenda na kurudi Sirari. Aliingia kwa miguu yake mwenyewe, baba yake akiwa nyuma. Uso ulikuwa mwekundu, nyusi hazipo, mikono imetoka malengelenge. Wengine waliomwona wakashusha pumzi, kwa sababu alikuwa anaongea.

"Sista, mimi niko poa," akasema na Kiswahili chake cha ng'ambo. "Ni uso tu imechomeka kidogo. Nipake kitu nirudi job."

Sikuutazama uso, nilisikiliza sauti. Ilikuwa inakwaruza kama mlango wenye kutu. Nikamwambia afungue mdomo, nikamulika tochi. Vinyweleo vya puani vilikuwa vimeungua, na ulimi ulikuwa na masizi.

"Ulikuwa ndani mlango umefungwa?"

"Ee. Moto ilishika dumu, nikatafuta mlango sikuiona."

Andikeni hili mahali mtakapoliona kila siku: aliyeungulia ndani ya chumba kilichofungwa, na sauti ikakwaruza, ameungua koo. Koo linavimba. Anaongea sasa, baadaye hataweza kuvuta pumzi. Usisubiri mpaka kesho uone atakavyoamka.

Mkubwa wetu wa siku ile alisema apumzishwe, atazamwe. Alisema gari lipo kwa ajili ya wagonjwa mahututi, na huyu amekuja kwa miguu. Nilikataa. Nilisema kwa sauti ambayo wagonjwa wa foleni waliisikia kwamba mahututi ndiye huyu, na kwamba kama gari halitoki nitamfunga mgongoni mwangu kwa kanga. Sijivunii kumpigia mkubwa kelele mbele ya watu. Sijutii pia. Gari likatoka.

Wakati tunamwekea maji ya mishipa, Chacha alianza kutetemeka kwa maumivu na meno kugongana. Baba yake, mzee aliyenyooka kama nguzo, akamwambia, "Mura, kijana wangu, nyamaza. Wanaume hawalii."

Mimi ni Mkurya. Najua kijana anavyosimama siku ya tohara bila kupepesa jicho, na najua heshima ya jambo lile. Lakini nilimgeukia mzee, nikamwita baba kwa lugha yetu.

"Tata, shikamoo. Kwa heshima yako, hapa si uwanja wa tohara. Hapa hakuna anayempima. Anayebana kilio anabana na pumzi, na pumzi ndiyo tunayoitafuta. Mwache alie."

Mzee aligeuza uso. Akatazama ukuta. Nilimchoma Chacha sindano ya kutuliza maumivu niliyokuwa nayo, tukampakia, akaondoka.

Hospitali walimwahi, wakampitishia mpira kooni kabla halijafunga. Lakini moshi ulikuwa umeshaharibu mapafu. Aliishi siku chache akafariki.

Baba yake alikuja zahanati baada ya mazishi. Nilipomwona getini nilijua kuna maneno, nikajiandaa kwa lawama. Akasimama mbele yangu na kofia mkononi.

"Mama," akasema, "ulimwambia alie. Kabla hawajampitishia ule mpira alilia. Akaniita tata kama alivyoniita alipokuwa mdogo. Nami nililia." Akavaa kofia yake. "Nimekuja kukuambia hilo tu."

Nimemweka Chacha hapa kwa sababu mtakutana na wakubwa watakaowaambia kwamba fulani hakupona, kwa hiyo ile haraka ilikuwa ya bure. Si ya bure. Wiki ile ile nilianza kusimama kwenye gulio kila siku ya mnada, kati ya wauza mitumba na wauza dagaa, nikitangaza habari ya madumu na vibatari. Wafanyabiashara wa petroli walinichukia sana. Mmoja aliniuliza ninataka watu wale nini. Nikamwambia wale chochote, ila wasilale juu yake kikiwa kinawaka.

Sasa nije Kenyamonta, kwa Bhoke.

Bhoke alikuwa msichana wa kuanza kuvunja ungo, mwenye kifafa tangu utotoni. Baba yake, aliyekuwa na ugonjwa huo huo, alikuwa ameshafariki. Mama yake aliolewa kwingine, naye akalelewa na bibi yake, Bibi Ghati. Mchana mmoja wa mavuno, watu wakiwa uani wanapura mtama, Bhoke alikuwa jikoni anakoroga ugali. Akashikwa. Akaanguka kwenye mafiga, upande wa kushoto.

Uani kulikuwa na watu wazima wengi. Walifika mlangoni wakasimama. Povu lilikuwa limeshatoka mdomoni, na kwetu wanaamini anayegusa povu la kifafa anakwenda na ugonjwa huo nyumbani kwake. Bibi Ghati alikuwa kisimani. Alirudi, akatupa ndoo, akawapita, akaingia na kumtoa mjukuu wake motoni kwa mikono yake mitupu. Viganja vyake vyote viwili viliungua.

Bodaboda walikataa kumbeba. Bibi akamfunga Bhoke kwenye baiskeli ya jirani kwa kitenge, akaisukuma mwenyewe kwa viganja vile mpaka kituoni.

Nilipofungua kitenge niliona mkono, bega, shingo na sehemu kubwa ya kifua. Sehemu nyingine zilikuwa nyekundu zenye maji, sehemu nyingine nyeupe na kavu kama ngozi ya ngoma, na hizo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu haziumi. Tulianza na maji. Kisha nikatafuta mishipa kwenye mkono mzima, nikatundika dripu. Neema, muuguzi kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, alikuwa amevaa glovu mbili juu ya mbili na amesimama karibu na dirisha.

"Neema, unaogopa nini?"

"Povu, sista," akanong'ona.

Wakati ule ule Bhoke akashikwa tena, pale pale kitandani. Nikamgeuza ubavu, nikamwita Neema alete sindano ya kutuliza degedege. Alileta, lakini alininyooshea kwa mbali, nikaichoma mwenyewe. Nikavua glovu moja. Nikampangusa Bhoke povu mdomoni kwa vidole vyangu vitupu, mbele ya Neema, mbele ya mhudumu, mbele ya wagonjwa waliokuwa wanachungulia. Ndiyo, kanuni ninazijua. Nilinawa. Lakini kuna siku kanuni inahitaji kusubiri mtu afundishwe kwanza kuwa mtu.

"Glovu ni kwa ajili ya vidonda vyake," nikamwambia Neema. "Sisi ndio wachafu hapa, si yeye. Haya, shika kichwa."

Neema akavua zile glovu za ziada. Akashika kichwa. Tangu siku ile sijawahi kumwona akisimama dirishani.

Tulikuwa tumemfunga kwa shuka safi, mkojo umeanza kushuka kwenye mfuko, rangi yake nzuri, nami nimeanza kupata moyo, wakati Mwita alipofika. Alikuwa baba mdogo wa Bhoke, mtu mpana wa mabega, na nyuma yake wazee wawili wa ukoo.

"Sista, mtoto ni wetu," akasema. "Tunamrudisha nyumbani."

"Kufanya nini nyumbani?"

"Wewe si Mkurya? Unajua. Kifafa kikishaonja moto hakiponi tena. Utamtesa bure."

"Mimi ni Mkurya, na nimesikia maneno hayo tangu nikibebwa mgongoni. Ni uongo. Kidonda cha moto kinapona au hakiponi kwa sababu ya ukubwa wake na matunzo yake. Na kifafa kina vidonge, ambavyo huyu mtoto hajawahi kupewa hata kimoja."

Nilitegemea atafoka. Badala yake sauti yake ilishuka. "Kaka yangu, baba yake huyu, aliungua hivi hivi. Mimi ndiye niliyesema twende hospitali. Mimi ndiye niliyewaambia watu atapona. Nikarudi na sanduku la maiti." Akafuta uso kwa kiganja. "Sirudii tena."

Pale nikaelewa kwamba sishindani na mtu mkatili. Nashindana na mtu aliyewahi kutumaini akaadhibiwa. Hao ni wagumu zaidi. Lakini huruma yangu kwake isingemponya Bhoke. Nilivuta kiti nikakiweka katikati ya mlango, nikaketi.

"Kwa kaka yako nakupa pole ya kweli. Kwa huyu, mkitaka kumtoa mtanibeba mimi kwanza. Na mimi, kama mnavyoniona, si mwepesi."

Mzee mmoja akaanza kusema kwamba mwanamke hazuii ukoo. Ndipo Bibi Ghati aliponyanyuka kwenye benchi. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa bandeji, amevishika mbele ya kifua kama mtu aliyebeba kitu.

"Mwita," akasema, "mimi nilikuzaa. Moto ule nimeushika mimi. Waliokuwa na mikono mizima walisimama mlangoni. Basi leo anayeamua ni mwenye mikono iliyoungua. Mtoto anakwenda hospitali."

Mwita aliangalia zile bandeji, akageuka akatoka nje, na wazee wakamfuata.

Sasa tulihitaji gari. La kituo lilikuwa limempeleka mama mjamzito mwenye uchungu uliokwama, na hilo sikuwa na haki ya kulilalamikia. Nikatoka barabarani na koti langu jeupe. Lilikuja gari la kubeba watalii, tupu, linarudi upande wa Ikoma. Nikasimama katikati. Dereva akafunga breki, akatoa kichwa.

"Mama, unataka kufa?"

"Nataka kwenda Mugumu na mgonjwa."

"Hivi viti ni vya wageni, mama. Vitachafuka, bosi ataniua."

"Leo mgeni ni huyu. Na bosi wako akitaka kukuua, mwambie aanze na mimi, nipo hapa Kenyamonta kila siku."

Akanung'unika, akashuka, akatusaidia kumbeba. Njia nzima aliendesha kana kwamba amebeba mayai, na kila shimo aliloliona alilitangaza kabla. Niliketi chini kati ya viti, dripu mkononi, Bibi Ghati ameegemea mlango. Bhoke alifumbua macho mara moja akauliza, "Ugali uliungua?" Bibi yake akamwambia, "Uliungua, tutapika mwingine."

Mugumu walimtuliza, kisha akapelekwa Mwanza kupandikizwa ngozi. Alikaa huko miezi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikuokoka. Shingo iliokoka, kwa sababu watu wa kule nao walikuwa wabishi kama mimi na hawakumpa mto.

Mnadhani kazi iliishia hapo? Kovu la moto ni kiumbe kinachotaka kurudi tumboni. Linavuta. Lisiponyooshwa, mkono unaganda ubavuni na mtu anakuwa kilema mwaka ule aliopona. Kwa hiyo kila nilipopita nyumbani kwa Bibi Ghati, Bhoke alisimama ukutani, akainua mkono mpaka pale maumivu yalipomkataza, nami nikachora alama kwa mkaa. Safari nyingine alitakiwa apite alama. Alinichukia kwa moyo wote. Siku moja aliniambia, "Sista, wewe huna huruma." Nikamwambia huruma ninayo, nimeichora hapo juu, aifuate. Bibi yake alicheka. Bhoke hakucheka, lakini aliifuata, na ukuta ule ulijaa mistari mpaka karibu na mbao za paa.

Vidonge vya kifafa alivinywa kila siku, na kule kushikwa kukapungua, kisha kukawa kwa nadra. Vidonge vilipokuwa havifiki kituoni nilikwenda mwenyewe wilayani, nikaketi na ufumaji wangu kwenye benchi la ofisi inayohusika. Nina tabia ya kuhesabu vishono kwa sauti. Walinipa vidonge kabla sijafika kwenye shingo ya sweta.

Kilichokataa kupona haraka kilikuwa watu. Kwenye chakula cha kanisani akina mama walipokea sufuria ya Bhoke kwa tabasamu, wakaiweka pembeni chini ya meza, ikafunikwa. Nilimwona Bhoke akiitazama sufuria yake. Nikaenda nikainama chini ya meza, na kwa magoti yangu haya si kazi ndogo. Nikaitoa, nikaiweka mbele ya sahani ya mchungaji, nikapakua, nikala nimesimama. Ilikuwa mboga ya majani na karanga, na chumvi ilikuwa imezidi kidogo. Nikasema, "Chumvi imezidi, Bhoke." Akasema, "Samahani, sista." Mchungaji akacheka, akanyoosha sahani yake. Wengine wakafuata, baadhi kwa shingo upande, lakini walifuata.

Bhoke alikua. Akajitolea kuwa mhudumu wa afya wa kijiji chake, tukawa tunatembea pamoja nyumba kwa nyumba. Tulikuwa na neno moja la kuwaambia watu: inueni majiko. Mafiga ya chini yanaunguza watoto wanaotambaa na wenye kifafa. Jiko la udongo lililoinuliwa mpaka kiunoni ni kazi ya mchana mmoja na matope. Bibi mmoja alitufukuza kwa mwiko akisema mafiga ya wakwe zake hayapandishwi hewani. Bhoke alikunja mkono wa blauzi akamwonyesha bega lake. Bibi akashusha mwiko. Tulirudi kumjengea mvua ilipokatika.

Miezi michache kabla ya kustaafu tulikuwa na mkutano wa kijiji uwanjani, karibu na ghala la mazao. Bhoke alikuwa amesimama mbele, anaonyesha namna ya kumwagia maji mtu aliyeungua. Mwita alikuwa amekaa miongoni mwa wanaume, kichwa kimeshaota mvi. Kwa miaka yote ile alikuwa ananisalimia kwa adabu na kupita. Kwa Bhoke alipeleka mahindi na kuni, lakini sikuwahi kumwona akiingia ndani.

Katikati ya maelezo mtoto mmoja wa kiume, aliyekuwa amekaa miguuni kwa mama yake, akakakamaa na kuanguka. Macho yakageuka. Povu likatoka. Watu wakalipuka kama kuku walioona mwewe. "Msimguse! Msimguse!" Mama alinyoosha mikono, akasikia zile kelele, mikono ikabaki hewani.

Bhoke aliweka ndoo chini, akaenda akapiga magoti. Akamgeuza mtoto ubavu, akaweka ule mkono wake wa vidole vitatu chini ya shavu lake, akampangusa povu kwa upindo wa kitenge chake. Duara la watu lilikuwa pana kama la ngoma, na katikati wapo wao wawili tu na vumbi. Nilianza kunyanyuka. Magoti yangu yalinichelewesha.

Mwita akanitangulia. Alipita katikati ya wanaume, na mmoja akamshika mkono kumzuia, akautoa. Alipofika alivua koti lake, akalikunja, akainua kichwa cha mtoto, akaliweka chini yake. Povu likamgusa kwenye vidole. Akavitazama vidole vile. Kisha akavifuta kwenye suruali na kuchuchumaa pale pale, bega kwa bega na mtoto wa kaka yake.

"Anaitwa nani?" akamwuliza yule mama.

"Marwa," mama akajibu, akasogea hatua moja, halafu nyingine.

"Marwa," Mwita akaita, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. "Marwa, tupo hapa. Hatuondoki."